Maua Niliyoahidi

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya karani wa parokia ni kuandika tu: nani amebatizwa, nani amefunga ndoa, nani ametoa zaka na nani bado. Ni kweli, kalamu ndiyo jembe langu. Walakini karani ndiye pia anayeulizwa mambo yote ambayo Baba Paroko hana nafasi ya kuulizwa. Mgeni akifika, hupokewa na karani. Ufunguo ukipotea, hutafutwa karani. Leo nataka kuwasimulia habari ya mgeni mmoja, na ya maua aliyoniachia, na ya uongo mdogo ulionilemea kuliko gunia la mahindi.

Parokia yetu iko katika mteremko wa Mlima Meru, juu ya Tengeru. Vijana wengi wa siku hizi hupita Tengeru wakienda sokoni, wala hawajui kwamba zamani palikuwa na makao ya Wapolandi. Katika miaka ya 1940 na 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kisovieti iliwatoa watu wengi wa Poland ya mashariki majumbani mwao, ikawapeleka Siberia na Kazakhstan. Baadaye walifunguliwa, na mwaka 1942 maelfu yao wakavuka hata Uajemi. Baadhi yao wakapandishwa meli wakaletwa Afrika ya Mashariki. Tengeru ilikuwa mojawapo ya kambi kubwa kabisa. Walikaa huko watu karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, nao walikuwa na kanisa, shule na hospitali. Vita vilipokwisha wakatawanyika, wengine Uingereza, wengine Kanada, wengine Australia. Waliobaki ni wale waliolala makaburini, na makaburi yao, karibu 150, yapo mpaka leo.

Basi, mwezi wa Agosti mwaka 2022 nilikuwa ofisini nikipanga bahasha za sadaka, nikasikia hodi. Akaingia mama mmoja wa Kizungu, umri wake yapata miaka sitini, viatu vimejaa vumbi. Dereva aliyemleta ni mwanaparokia wetu, naye alikuwa amemwambia njiani kwamba karani wetu anapenda bustani. Mama yule alizaliwa Uingereza, lakini wazazi wake wote wawili ni Wapolandi. Alikuwa ametoka makaburini Tengeru, alikolala bibi yake mzaa mama, aliyefariki mwaka 1944.

Akafungua mkoba wake, akatoa bahasha ndogo kama zile za kutilia vidonge vya dawa. Ndani nikaona unga wa rangi ya kahawia. Nilidhani ni ugoro. Kumbe ni mbegu.

“Bwana Karani,” akasema, “haya ni maua ya kengele ya milima ya Carpathia. Bibi yangu alizaliwa chini ya milima hiyo. Mama yangu aliletwa hapa Tengeru akiwa mtoto wa miaka sita, na alipokuwa na miaka minane mama yake akafa. Sasa ana miaka 86, hawezi kusafiri tena. Kwao anakumbuka mambo machache sana, na moja ni maua haya kando ya ukuta wa nyumba. Anatamani kuyaona juu ya kaburi la mama yake.”

Nami nikamjibu bila kufikiri hata dakika moja, “Mama, usiwe na shaka. Katika udongo wa Meru hata ukisimika mpini wa mwavuli utaota.”

Akacheka, akanishika mkono, akaenda zake. Wazee wetu walisema ahadi ni deni, nami siku ile nilikopa bila kuuliza nitalipa na nini.

Sasa niwaeleze maua yenyewe. Wataalamu huyaita Campanula, maana yake katika Kilatini ni kengele ndogo. Ukoo wake una aina mia kadhaa, nyingi zikiwa za Ulaya na Asia. Hata ile Lobelia kubwa inayosimama kama mnara juu ya Kilimanjaro ni jamaa yake, ingawa kwa sura huwezi kuamini. Aina niliyopewa mimi, Campanula carpatica, ni mmea mfupi usiozidi shibiri moja na nusu. Majani yake ni madogo, yana umbo la moyo na kingo zenye meno meno. Maua yake ni ya bluu au meupe, mapana kama kikombe cha kahawa, nayo hutazama juu. Nikaona nimwite kengele iliyopinduliwa.

Huko kwao huhesabiwa katika mimea mivumilivu. Majira ya baridi yakija, theluji hufunika ardhi, majani hufa yote, mtu asiyejua husema mmea umekwisha. Lakini mizizi hukaa hai chini ya ardhi, na baridi ikiondoka huchipua tena. Niliposoma hayo nilijipa moyo sana. Nilisema, mmea unaovumilia theluji utashindwaje na baridi yetu ya mwezi wa Julai?

Nikapanda mwezi wa Septemba. Mbegu hizi ni ndogo mno. Hazifukiwi kama mahindi, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote. Nilichekecha udongo laini nikauchanganya na mchanga, nikajaza sanduku, nikanyunyiza mbegu juu, nikazigandamiza kidogo kwa kipande cha ubao. Ukizimwagilia kwa kopo zitaelea zote ziende pembeni. Kwa hiyo niliweka sanduku ndani ya karai lenye maji machache, nikaacha udongo uyanywe kutoka chini. Baada ya wiki mbili na nusu nikaona vijani vidogo kama vichwa vya pini. Nilimwita mke wangu aje kuona. Akainama, akavaa miwani, akasema, “Baba Anna, nionyeshe kwa kidole.”

Miche ilipokuwa na majani manne niliihamishia kwenye kitalu nyuma ya ofisi. Ilikuwa kumi na mmoja. Kuku wa nyumba ya mapadre wakala mitatu, konokono wakala miwili, nami nikabaki na sita. Nikajenga uzio wa vijiti, nikazungusha majivu makavu kuzuia konokono. Nikainua tuta ili maji yasituame, maana mmea huu huchukia kuoza mizizi kuliko kitu kingine chochote. Miche ikastawi. Majani yakawa mengi, ya kijani kizuri, yakajaa kitalu kama zulia.

Lakini ua hakuna.

Vuli ikapita, kiangazi kikapita, masika ikaja ikaondoka. Nikatia samadi, majani yakazidi. Nikaacha kutia samadi, majani yakabaki yale yale. Nikaongeza maji, nikapunguza maji. Nikaondoa kivuli, nikarudisha kivuli. Mzee mmoja jirani yetu, kila akienda Misa ya asubuhi, alisimama uani na kuuliza, “Karani, bado unalima majani?” Mke wangu naye akauliza kama yanapikika. Nikamwambia kuku wamekwisha yaonja, tuwaachie wao. Akasema pale pangetosha mafiga matatu ya sukumawiki kwa mboga ya wiki nzima. Sikuwa na jibu, kwa kuwa alisema kweli.

Mwaka 2023, mwezi wa Oktoba, ukaja ujumbe katika simu yangu. Yule mama aliuliza kwa adabu kama maua yamechanua, kwa sababu mama yake anauliza kila Jumapili.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kusema, bado. Neno lenyewe ni fupi tu. Lakini niliona haya. Nilikumbuka ule mpini wa mwavuli. Nikaandika, “Yamechanua vizuri sana, Mama. Ni ya bluu.”

Akajibu upesi kwa furaha kubwa, akaomba picha. Nikaandika kwamba kamera ya simu yangu imeharibika. Huo ukawa uongo wa pili, umekuja kumsindikiza wa kwanza, maana uongo haupendi kutembea peke yake. Siku chache baadaye nilijikuta nimesimama mbele ya ua la bluu lililokuwa kwenye uzio wa jirani, nimeshika simu, nikipima kama likipigwa picha kwa karibu litafanana. Mke wangu akanikuta hapo. Hakusema neno kali. Aliniuliza tu, “Yule bibi kizee ana miaka mingapi?”

Nikasema, “Themanini na saba.”

Akasema, “Basi unataka aende kumwambia mama yake nini huko aendako?”

Wasomaji, nimesomea ualimu miaka miwili chuoni, nimesikia mahubiri mengi, lakini neno lile la mke wangu lilinipata. Sikupiga picha. Walakini sikuwa na moyo wa kusema kweli pia. Nikanyamaza. Ujumbe wake wa Krismasi niliujibu kwa salamu tu, nikaruka habari ya maua.

Kwaresima ya mwaka 2024 ikafika. Yaliyosemwa katika kitubio hayaandikwi gazetini. Nitasema tu kwamba siku ile ile jioni nilikaa kitako nikaandika ujumbe mrefu. Nikamwambia, “Mama, nilikudanganya. Sijaona ua hata moja. Miche iko hai, ina majani mengi, lakini haichanui, nami sijui sababu. Kamera yangu ni nzima. Naomba unisamehe, na mama yako anisamehe.”

Siku ya kwanza hakujibu. Siku ya pili hakujibu. Kila simu ilipolia moyo ulinidunda kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Siku ya tano akaandika hivi: “Nilihuzunika, lakini nimemsomea mama. Anasema umpigie picha ya majani. Majani pia anayakumbuka.”

Nikatoka nje nikayapiga picha majani. Nilisafisha kwanza vumbi kwa kitambaa, jani moja moja.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwezi wa Mei mwaka ule Baba Paroko alinipa kazi ya kunakili madaftari ya zamani ya ubatizo. Karatasi zake zilikuwa zimeanza kupasuka, wino umefifia, na mchwa wameonja pembe. Mchana ofisini hapana utulivu, basi nikawa nafanya kazi hiyo usiku. Kila siku nilikaa mezani tangu jua linapozama mpaka saa 5 usiku, taa ya umeme ikiwaka juu ya kichwa changu. Jumapili tu ndiyo nilipumzika.

Masika ile mvua ilikuwa nyingi, na mmoja wa ile miche sita ulianza kuoza. Nikaung'oa, nikakata mizizi iliyoharibika, nikaupanda katika kopo la maziwa ya unga nililolitoboa chini, nikauweka mezani pangu karibu na dirisha la mashariki. Mchana ulipata jua, usiku ulikaa nami. Ulikuwa mche dhaifu kuliko yote, nami niliuweka pale zaidi kwa huruma.

Katika wiki ya saba nikaona katikati ya majani vikonyo vyembamba vinanyanyuka, na kila kimoja kina tumba dogo lililosokotwa kama ncha ya kalamu. Sikumwambia mtu. Niliogopa. Katika wiki ya tisa, asubuhi, nilipofungua mlango wa ofisi nilikuta kengele tatu za bluu zimefunguka mezani, juu ya daftari la ubatizo. Nje, kwenye kitalu, ile mitano mizima yenye afya ilikuwa na majani tu.

Nikakaa kitini nikajiuliza, mgonjwa huyu amepata nini wasichopata wazima? Udongo ni ule ule. Maji ni yale yale. Nikatazama juu, nikaona balbu.

Usiku ule nilifungua sanduku nikatoa madaftari yangu ya chuo. Somo la biolojia. Nililipata ukurasani, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na mwalimu ametia alama ya vema kwa wino mwekundu: mimea ya siku fupi na mimea ya siku ndefu. Niliwahi kujibu swali hilo katika mtihani, nikafaulu, nikalisahau.

Jambo lenyewe ni hili. Mimea mingi hupima urefu wa mchana na usiku, na kwa kipimo hicho hujua majira. Wataalamu wawili wa Marekani, Garner na Allard, ndio waliolieleza wazi mwaka 1920, baada ya kuchunguza aina moja ya tumbaku iliyokataa kutoa maua wakati wa siku ndefu. Ile tumbaku ilisubiri siku fupi. Maua ya kengele ya Carpathia ni kinyume chake: yanasubiri siku ndefu. Mchana usipofikia saa 14 au zaidi, mmea huendelea kutoa majani tu. Huko milimani kwao, katika mwezi wa Juni, mchana una saa kama 16. Kwetu Meru, karibu na ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima, na tofauti kati ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa haifiki nusu saa. Miche yangu haikuwa na ubishi wala ugonjwa. Ilikuwa inangojea majira ya joto ya nchi ambayo haikuwemo ndani yake, na ingengoja hivyo mpaka kufa. Mimi niliongeza samadi, kumbe kilichopungua ni saa nne za mwanga.

Nikajisikia vibaya, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha uita mmea ule mvivu mbele ya watoto.

Habari hii haihusu maua peke yake. Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, kule Karatu, wanaijua vema. Kitunguu nacho husubiri urefu wa siku ili kijaze kichwa. Ukinunua mbegu za vitunguu vya nchi za kaskazini mwa Ulaya, hata ziwe bora namna gani, utavuna majani na shingo nene. Lazima zipandwe aina zinazojaza kwa saa 12 za mchana, kama Red Creole na Bombay Red. Kwa hiyo ndugu yako aliye ng'ambo akikuletea mbegu kama zawadi, zipokee kwa shukrani, lakini uliza kwanza zilizoea siku za namna gani.

Baada ya kufahamu hayo nilifanya kazi kwa mpango. Niligawanya yale mashina mitano nikapata miche kumi na miwili. Mmea huu hugawanyika vizuri ukiufanya wakati wa ubaridi, kila kipande kikiwa na mizizi yake. Nikaipanda katika makopo, nikaipanga katika masanduku mawili. Sanduku moja hukaa nje kwenye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Jingine jioni huingizwa barazani, chini ya balbu ndogo niliyoining'iniza kama futi mbili juu yake, ikawaka tangu jua linapozama mpaka saa 5 usiku. Mwanga hauhitaji kuwa mkali kama wa jua, maana kazi yake ni kuurefusha mchana tu. Umeme ukikatika siku moja au mbili, si neno, endelea. Matumba yakikwisha kutokea, toa ua lililokauka kila siku ili mengine yafuate. Anayeishi sehemu za joto kali asijisumbue, kwa sababu mmea huu ni wa milima na joto huufanya utoe maua madogo yasiyodumu. Lakini ninyi wa Meru, wa Kilimanjaro, wa Lushoto na wa Njombe, mnaweza.

Turudi kwenye lile kopo la kwanza. Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, mwaka 2024, nilimchukua binti yangu Anna tukapanda bodaboda mpaka Tengeru. Anna alikaa katikati, amekumbatia kopo la maziwa kifuani, na njia nzima alimwonya dereva apunguze mwendo. Tulikuwa tumepata ruhusa ya mtunzaji wa makaburi. Nikalitafuta jina, tukalipata katika safu ya pili tangu kwenye mti. Tukafagia majani makavu, tukaweka kopo juu ya kaburi. Anna akachuchumaa kando yake akazihesabu kengele. Zilikuwa saba. Nikapiga picha.

Nilimtumia yule mama picha ile siku ile ile, nikamweleza na mambo ya taa pia, ili asidhani kwamba maua yatachanua pale yenyewe. Nilimwambia kweli yote: juu ya kaburi yatakaa wiki mbili au tatu, kisha yatarudi kuwa majani. Kila mara nitalazimika kuyachukua nirudi nayo kwenye taa, na kuleta mengine. Tangu siku ile nimefanya hivyo. Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, tulipeleka makopo sita, na makaburi mengine mawili ya karibu yakapata lake.

Jibu la picha ile ya kwanza lilikuja Jumatatu. Aliandika kwamba mama yake ameishika simu mchana kutwa, wala hakumruhusu mtu kuizima. Hakusema mengi. Aliuliza neno moja tu: huyu mtoto aliyechuchumaa kaburini ni nani, na ana miaka mingapi?

Nikamjibu kwamba anaitwa Anna, naye ana miaka minane.

Mke wangu amepata sukumawiki yake, maana kitalu cha nyuma ya ofisi sasa kiko wazi. Yule mzee jirani haniulizi tena habari ya majani, ila huuliza mbona taa ya baraza la karani haizimwi mapema. Namwambia, “Mzee, kuna watu pale wanangojea mchana uwe mrefu kidogo.” Hutikisa kichwa, akaenda zake Misa.